Mtoto mwenye kipawa: nani atamtambua shuleni?

Mwaka 2005, katika mtaa wa Katwe jijini Kampala, Robert Katende alikuwa akiwafundisha watoto mchezo wa sataranji na kuwapa uji. Miongoni mwa waliovutwa na uji huo alikuwa Phiona Mutesi, binti wa mama mjane, aliyekuwa ameacha shule kwa kukosa karo. Aliyemwonyesha jinsi kete zinavyosogezwa alikuwa msichana mdogo kuliko yeye. Mwaka 2012, baada ya Olimpiadi ya Sataranji mjini Istanbul, Uturuki, Mutesi alipata cheo cha kimataifa katika mchezo huo. Filamu kuhusu maisha yake ilitoka mwaka 2016.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama bahati njema. Kwa mzazi na mwalimu kina somo jingine: akili ya binti huyo ilikuwepo kabla hajauona ubao wa sataranji. Kilichokosekana ni mtu wa kuitafuta.

Alama si kipimo pekee

Nchini Uganda, mwanafunzi wa darasa la saba hufanya mtihani wa taifa katika masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Jumla ya 4 ndiyo matokeo bora kabisa. Mtihani huo huonyesha aliyeyashika vyema yaliyofundishwa, lakini haumwonyeshi anayebuni, anayetunga au anayeona njia ya pili ya kutatua fumbo.

Mtaalamu wa elimu wa Marekani, Joseph Renzulli, alieleza mwaka 1978 kwamba kipawa huonekana pale mambo matatu yanapokutana: uwezo uliozidi wa kawaida, ubunifu, na bidii ya kuing'ang'ania kazi. Hivyo, mtoto anayemaliza zoezi mapema kisha akawasumbua wenzake, au anayeuliza maswali yasiyokwisha, asiitwe mtundu kabla hajachunguzwa.

Kizuizi cha lugha

Jambo hili linazigusa hasa familia zinazozungumza Kiswahili nyumbani. Mtaala ulioanza mwaka 2007 ulielekeza kwamba lugha za wenyeji zitumike kufundishia darasa la kwanza hadi la tatu, lakini katika miji yenye mchanganyiko wa lugha kama Kampala, shule nyingi hufundisha kwa Kiingereza tangu mwanzo. Mtoto anaweza kulijua jibu la hesabu akakosa maneno ya kulieleza. Kimya chake kisidhaniwe kuwa ni ujinga.

Mwalimu anaweza kumruhusu ajibu kwa kuchora, kwa kupanga vitu, au kwa lugha yake. Mzazi naye amweleze mwalimu yale ayaonayo nyumbani: redio mbovu iliyotengenezwa, hadithi zinazotungwa, hesabu za duka zinazopigwa kichwani.

Msaada unaofaa

Anayemaliza mapema asiongezewe maswali kumi ya aina ileile, kwani ataona kuwa wepesi wake unaadhibiwa. Apewe swali moja gumu zaidi, au aombwe atunge fumbo la kuwachemsha bongo wenzake. Kumrusha darasa kunahitaji tahadhari: huenda akaziweza hesabu za darasa la juu, ilhali moyo wake ungali wa umri wake. Uamuzi huo mzazi na mwalimu waufikie pamoja, baada ya kumsikiliza mtoto mwenyewe.

Haya hayahitaji fedha nyingi. Ubao wa dama huchorwa kwenye kadibodi, na vizibo vya soda vikawa kete.

Hata hivyo, akili haifanyi kazi tumbo likiwa tupu. Elimu ya msingi bila karo ilianza mwaka 1997, lakini Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 imeuacha mlo wa mwanafunzi kuwa jukumu la mzazi. Wazazi wanaochangiana unga wa uji wa shuleni huwasaidia watoto wote, akiwemo yule ambaye kipawa chake bado hakijaonekana. Huko Katwe, uji ndio uliotangulia, sataranji ikafuata.