Moyo unapopoteza mwendo wake

Hapa Alunguli mzee akianguka ghafla wakati wa ibada, kisha akazinduka kama aliyesinzia, wengi wetu husema ni pepo, au karogwa. Lawama haikawii kumwangukia mtu wa nyumbani. Tupime kwanza moyo.

Juu ya moyo, upande wa kuume, kuna kifundo kidogo kinachotoa umeme mwepesi. Kila ukitoka, moyo hupiga. Keith na Flack wa Uingereza walikieleza mwaka 1907. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kifundo kikichoka, hasa uzeeni, moyo huenda polepole mno au husimama sekunde chache; kwa wengine hubadilika tena ukakimbia. Damu ikichelewa kufika kichwani, mtu huona giza na kuanguka. Fikirini akiwa ndani ya mtumbwi, katikati ya Lualaba.

Dawa fulani za presha nazo hupunguza mwendo huo. Mgonjwa asiziache mwenyewe. Azibebe zote, daktari azione.

Tiba kubwa ni kifaa cha betri kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua. Arne Larsson wa Uswidi, wa kwanza kuwekewa, mwaka 1958, aliishi hadi 2001. Gharama ni nzito, kweli.

Lakini kuhesabu ni bure. Shemasi aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, ahesabu dakika nzima, aandike idadi, nayo karatasi ivuke mto pamoja na mgonjwa.