Je, Wajua? Hosteli za Chuo Zisizofuja

Hosteli ya chuo haipumziki: taa, mabomba na majiko hutumika usiku na mchana, na kila mwaka huingia wakaaji wapya. Kwa hiyo uhifadhi wa umeme na maji usiachiwe nidhamu ya mwanafunzi peke yake. Ujengwe ndani ya jengo lenyewe.

Je, wajua kwamba huko Vancouver, Kanada, wanafunzi 404 wana makazi katika jengo la mbao la ghorofa 18? Ni Brock Commons Tallwood House la Chuo Kikuu cha British Columbia, lenye urefu wa takriban mita 54. Ghorofa ya chini na kuta za ngazi na lifti ni za zege. Kutoka hapo kwenda juu, nguzo na sakafu ni mbao zilizogundishwa tabaka kwa tabaka. Lilipokamilika mwaka 2017, hapakuwa na jengo la aina hiyo refu kulipita duniani.

Je, wajua kwamba mbao hizo zilisimamishwa zote kwa muda usiofika siku 70? Kila kipande kilikatwa kiwandani kwa kipimo chake, kikafika tayari kufungwa.

Je, wajua kwamba inakadiriwa mbao hizo zimehifadhi tani 1,753 za kaboni dioksidi? Mti huvuta gesi hiyo unapokua, na kaboni hubaki ndani ya ubao maadamu haujaoza wala kuungua.

Na moto je? Sehemu kubwa ya mbao hizo imefunikwa kwa tabaka kadhaa za bodi za jipsamu, na jengo lina mfumo wa kunyunyiza maji endapo moto utatokea.

Je, wajua kwamba jengo la makazi la chuo cha Cornell Tech, New York, lenye ghorofa 26, lilijengwa kwa kanuni ya "nyumba tulivu" iliyoasisiwa Ujerumani? Kuta ni nene na nyufa zimezibwa barabara. Hewa safi huingizwa saa zote, na katika majira ya baridi hupashwa na joto la hewa inayotoka. Chumba hubaki na joto la wastani kwa umeme kidogo sana.

Je, wajua kwamba hosteli ya Tietgen jijini Copenhagen, iliyofunguliwa 2006, ni ya duara? Ina vyumba 360, na kila vyumba 12 vina jiko moja la pamoja. Majiko 30 yanatosha jengo zima, na mwanafunzi mgeni hapati shida ya kupata wa kula naye.

Je, wajua kwamba hatifungani ya kwanza ya kijani nchini Kenya, yaani ya kukopa fedha za miradi inayolinda mazingira, ilitolewa kwa ajili ya hosteli? Mwaka 2019 kampuni ya Acorn ilikusanya shilingi bilioni 4.3 za Kenya kujenga makazi ya wanafunzi Nairobi. Cheti cha majengo ya kijani cha EDGE, ambacho hosteli zake hukilenga, wakati huo kilitaka jengo lipunguze angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji, na ya nishati inayotumika kutengeneza vifaa vya ujenzi.

Je, wajua kwamba taa ya LED hutumia umeme pungufu kwa asilimia 75 au zaidi kuliko balbu ya zamani ya waya? Zidisha akiba hiyo kwa vyumba mia nne, kila usiku.

Je, wajua kwamba karibu na ikweta, hatua kubwa ya kupunguza joto haihitaji mashine? Jua letu huchoma zaidi pande za mashariki na magharibi. Jengo la mstatili likielekeza madirisha yake kaskazini na kusini, vyumba hupoa, na upepo ukipewa njia ya kuingia upande mmoja na kutokea wa pili, kiyoyozi hakihitajiki sana. Uamuzi huo hauongezi gharama ukifanywa kwenye ramani. Msingi ukishachimbwa, haurekebishiki. Vyuo vyetu vinavyopanga hosteli mpya vianzie hapo.