Buyi nzito inayoteremuka: namna unga unageuka nguvu katika mwili



Katika mikutano yetu, wamama wanatuuliza mara nyingi: «Mutoto anakula buyi, anashiba, lakini haongezeke kilo. Sababu gani?» Tuangalie kwanza unga unapita wapi katika mwili.

Unga wa muhogo, wa mahindi ao wa mutama una amido mingi. Amido ni kama mukufu murefu wa shanga, na kila shanga ni sukari kidogo inayoitwa glikozi. Mukufu muzima hauwezi kuingia katika damu. Lazima ukatwe.

Kazi ya kukata inaanza katika kinywa. Mate yana dawa ya mwili inayoitwa amilazi, njo inakata mukufu. Jaribuni: tafuna bugali muda murefu bila kumeza, utasikia utamu kidogo. Katika tumbo, asidi inasimamisha kazi ile. Inaendelea katika utumbo mudogo, ambapo kiungo kinachoitwa pankreasi kinatuma amilazi ingine mingi. Mwisho, ngozi ya ndani ya utumbo inamaliza kukata, na glikozi inapita katika damu. Damu inaipeleka kwanza kwenye maini, kiisha mwili wote, ili tupate nguvu ya kulima, ya kufikiri na ya kukomaa.

Mutoto muchanga hana bado amilazi ya kutosha katika pankreasi. Hii ni sababu moja ya kumupa maziwa ya mama peke yake mupaka miezi 6.

Kisha miezi 6, shida ni ingine. Tumbo la mutoto wa kilo 8 linabeba karibu kikombe kimoja kidogo tu. Amido ikipikwa inavimba na kushika maji, buyi inakuwa nzito. Mama anaongeza maji ili mutoto aweze kumeza. Basi kikombe kinajaa maji, unga ni kidogo. Mutoto anashiba maji.

Sisi wakulima tuko na musaada katika ghala. Mbegu ikianza kuota, inatengeneza amilazi yake yenyewe, ili ikate amido na kulisha mumea. Tunaweza kuitumia hivi:

1. Chagueni mahindi ao mutama safi, bila ukungu. Musitumie hata siku moja mbegu ya kupanda iliyotiwa dawa: ni sumu.
2. Lowesheni usiku mumoja, mwangeni maji, funikeni na kitambaa safi chenye maji siku 2 ao 3, mukisafisha na maji kila siku.
3. Anikeni kwenye jua mupaka ikauke kabisa. Sugueni, mutoshe mizizi na machipukizi yote. Kwa mutama hii ni lazima, kwa sababu machipukizi yake yana sumu. Kiisha musage.
4. Pikeni buyi ya masoso (mahindi, mutama na soya iliyokaangwa vizuri) na unga karibu mara mbili ya kawaida. Iteremusheni, ipoe kidogo, kwa sababu moto mukali unaua amilazi.
5. Tieni kijiko kidogo cha unga wa mbegu iliyoota kwa kila kikombe, mukoroge, mungoje dakika 10. Buyi itateremuka. Irudisheni kwenye moto, ichemuke tena dakika chache ili kuua vijidudu.

Sasa kikombe ni kile kile, lakini unga ndani yake ni mara mbili.

Musisahau: amido inaleta nguvu, haijenge mwili peke yake. Soya, maharagi, ndagala na yai njo vinajenga. Na kama mutoto haongezeke kilo, ao miguu inavimba, musingoje buyi: mumupeleke mbiyo kwenye kituo cha afya.

Koperative yenye mahindi na mutama inaweza kuotesha kilo chache kila juma na kugawanya kwa wamama. Muzungumuze jambo hili katika mukutano unaokuja.