MAPUMZIKO NAYO YANA FAIDA

Leo tuzungumze juu ya mapumziko. Wengine watasema, "Ala! Kupumzika nako kuna somo?" Kupo.

Watazame wavuvi wa dagaa wa Ujiji na Kibirizi. Wao huvua usiku kwa taa. Mbalamwezi inapong'aa, taa haziwavuti dagaa vizuri, basi mitumbwi hukaa mwaloni siku kadhaa. Ndizo siku za kushona nyavu, kucheza mpira na bao.

Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu! Mtu anayejitambua kwa kazi yake tu, kazi ikisimama hujiona hana maana, na pombe humdaka. Nanyi wakulima mnalijua hilo wakati wa kiangazi, maharage yakisha vunwa.

Bao lina mashimo 32 na kete 64. Halileti senti. Lakini mzee asiye na nguvu za jembe humfunga kijana, naye huheshimiwa. Asipoonekana barazani, wenzake huenda kumjulia hali. Faida ndiyo hiyo: mtu anahitajiwa hata mikono ikiwa mitupu.

Basi fanyeni hivi. Kwanza, chagua mchezo au ngoma uipendayo, uipe saa yake jioni. Pili, usichezee fedha. Tatu, mama naye apate saa yake. Mapumziko ya baba yasiwe mzigo wa mama.

Haya, jembe liko pale pale. Kesho asubuhi tukutane shambani.