Mrija Mwembamba Uliofungua Njia ya Moyo

Sote twajua ya kuwa moyo husukuma damu mwilini mwote. Tukiwa kazini au usingizini, hupiga mara zipatazo 100,000 kwa siku moja. Lakini je, mmepata kujiuliza moyo wenyewe hulishwa na nani? Damu ipitayo vyumbani mwake hailishi nyama yake, ila kidogo sana. Moyo ni kama karani wa posta: fedha za watu hupita mikononi mwake kutwa nzima, naye hali ila mshahara wake. Mshahara huo huletwa na mishipa miwili midogo, ambayo upana wa tundu zake mwanzoni ni kama milimita 3 au 4 tu. Mishipa hiyo yauzunguka moyo mfano wa taji, ndiyo maana waganga huiita mishipa ya taji.

Mafuta yakijikusanya katika kuta zake, njia huzidi kuwa nyembamba mwaka hata mwaka. Mtu akipanda kilima au akibeba mzigo, kifua humbana. Akipumzika, hupata nafuu. Kisha siku moja ule utando wa mafuta hupasuka, damu huganda juu yake, njia huziba kabisa, na sehemu ya moyo iliyokosa damu huanza kufa. Ugonjwa huu huua watu wengi duniani kuliko ugonjwa mwingine wowote. Zamani waganga waliujua, lakini hawakuwa na njia ya kuifikia mishipa hiyo katika mtu aliye hai. Basi, sikilizeni jinsi njia ilivyofunguliwa.

KIJANA ALIYEJIJARIBU MWENYEWE

Mwaka 1929, katika mji mdogo wa Eberswalde karibu na Berlin, Ujerumani, alikuwapo mganga kijana, Werner Forssmann, mwenye umri wa miaka 24. Siku zile watu waliamini ya kuwa kuugusa moyo wa mtu hai ni kumwua. Forssmann alifikiri kwamba mrija mwembamba waweza kupita katika mshipa wa mkono hata kufika moyoni bila madhara. Mkuu wake akamkataza.

Kijana akamwendea mwuguzi aliyeshika funguo za vyombo. Mwuguzi akakubali, kwa sharti kwamba ajaribiwe yeye. Forssmann akamlaza mezani, akamfunga mikono na miguu. Kumbe alikuwa amekwisha kujichanja mkono wake mwenyewe! Akapenyeza mrija wa mpira katika mshipa wa kiwiko cha kushoto, kiasi cha sentimita 65. Kisha wakashuka pamoja mpaka chumba cha eksirei, na picha ikaonyesha ncha ya mrija imo moyoni, naye yu hai.

Hatumsifu kwa kumdanganya mwuguzi, wala kwa kuvunja amri. Lakini alikataa kumhatarisha mwingine kwa wazo lake, akauhatarisha mwili wake mwenyewe. Wakubwa wa kazi hawakumpokea vema, naye mwishowe akageukia magonjwa ya njia ya mkojo. Waganga wawili wa New York, André Cournand na Dickinson Richards, waliiendeleza kazi ile, na mwaka 1956 wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel.

KOSA LILILOLETA NURU

Hata hivyo, mishipa ya taji yenyewe ilikuwa bado gizani. Tarehe 30 Oktoba 1958, mjini Cleveland, Marekani, mganga Mason Sones alikuwa akipiga picha ya mshipa mkuu wa damu kwa dawa inayoonekana katika eksirei. Pasipo yeye kukusudia, ncha ya mrija ikaingia katika mshipa mmoja wa taji, na dawa yote ikamiminika humo. Moyo wa mgonjwa ukasimama. Sones akampigia kelele akohoe. Akakohoa, na moyo ukaanza kupiga tena.

Mwingine angalishukuru tu na kunyamaza. Sones akatambua ya kuwa, kwa dawa kidogo na uangalifu, kila mshipa wa taji waweza kupigwa picha. Toka hapo waganga wakaona kwa macho mahali palipoziba. Mwaka 1967, katika hospitali ile ile, René Favaloro, mwana wa Argentina aliyekuwa amewatibu watu wa shamba kwao kwa miaka mingi, alianza kutumia kipande cha mshipa wa mguu ili damu ipite kando ya kizuizi, kama watu wachongavyo njia mpya pale mlima ulipoporomokea barabara.

KIBOFU CHA JIKONI

Andreas Grüntzig, mganga Mjerumani aliyefanya kazi mjini Zürich, Uswisi, aliwaza jambo jingine: kwa nini tusiipanue njia ile ile ya zamani? Jioni alikaa jikoni kwake akitengeneza vibofu vidogo sana na kuvifunga kwenye ncha ya mrija. Tarehe 16 Septemba 1977 alikipitisha kimoja katika mshipa wa taji wa mtu wa miaka 38, akakijaza, nacho kikayasukuma mafuta ukutani. Mgonjwa alikuwa macho wakati wote. Miaka 10 baadaye picha ilionyesha mshipa ungali wazi. Mwaka 1986, mjini Toulouse, Ufaransa, Jacques Puel aliongeza bomba dogo la wavu wa chuma, lililowekwa mshipani ili njia isijifunge tena.

WALIO MBALI JE?

Mitambo hiyo imo katika miji mikubwa, na katika nchi nyingi za Afrika ni michache. Je, aliye mbali hana msaada? Unao. Kipimo cha umeme wa moyo hufanyika kwa mashine ndogo, na kipimo cha damu huonyesha kama nyama ya moyo imeumia. Tena, mwaka 1988 lilitangazwa jaribio lililofanywa kwa wagonjwa 17,187: vidonge vya aspirini, vya bei ndogo, vilipunguza vifo kwa sehemu 23 katika mia. Lakini aspirini haiwafai wote, hasa wenye vidonda vya tumbo vinavyotoa damu. Mganga na aulizwe kwanza.

Hakuna dawa inayofaa kitu kama mgonjwa hakuja. Uzito kifuani unaoenea mkononi au tayani, jasho la baridi, pumzi fupi, na kwa wanawake pengine kichefuchefu na uchovu tu: hizo ndizo dalili. Wengi husema, “Ni tumbo, litatulia asubuhi.” Wazee walinena, ngoja ngoja huumiza matumbo, hapa huua moyo, kwa maana kila saa ipitayo nyama nyingine hufa. Acheni tumbaku, pimeni shinikizo la damu na sukari, punguzeni chumvi. Na baba akishika kifua usiku, asiachwe mpaka jua lichomoze. Wenye kuifungua njia ya moyo walitumia miaka mingi. Sisi tusipoteze usiku mmoja.