Je, Wajua? Herufi Tisa za Kuiamsha Kompyuta ya Mtumba

Je, wajua kuwa herufi tisa tu zinaweza kuirudisha kazini laptopi ambayo fundi ameshaikatia tamaa? Herufi zenyewe ni nomodeset. Unaziandika mwishoni mwa mstari mmoja kabla Linux haijaamka, na skrini iliyokuwa nyeusi inaleta picha. Hulipii kitu, hufungui skrubu hata moja, na ukizima mashine ulichoandika kinafutika chenyewe. Safu ya leo ni ya wasomaji wa Pangani, Pangani hii ya Kibaha, si ile ya Tanga penye mto. Kompyuta iliyokwishatumika Ulaya au Dubai ikishushwa Kariakoo, safari yake ya pili mara nyingi ni ya daladala kuja huku.

Kwa nini sasa? Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Mtumba wa mwaka 2014 haufiki huko. Aliyenao anashauriwa aweke Linux, na hapo ndipo anapokutana na skrini nyeusi.

Je, wajua mstari huo unakaa wapi? Washa mashine, shikilia Shift kama ni ya zamani yenye BIOS, au bonyeza Esc kama ni ya UEFI (mara moja tu, ukiirudiarudia utatupwa kwenye ukurasa wa amri). Itatokea menyu ya GRUB, ambayo ndiyo butiloda, programu inayoitafuta kerneli, yaani kiini cha Linux, kwenye hadidiski na kuikabidhi mashine. Bonyeza herufi e. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, acha nafasi, andika neno lako, kisha Ctrl na X au F10.

Je, wajua kuwa Kibaha na Linux wana undugu wa mbali? Mwaka 1963 nchi za Nordiki, Ufini na Uswidi zikiwamo, zilianza hapa mradi wao wa elimu, afya na kilimo. Mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa kwa Tanzania ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, Linus Torvalds, aliutangazia ulimwengu kwamba anatengeneza programu endeshi ya kujifurahisha, haitakuwa kubwa. Ndiyo iliyokuja kuwa Linux. Waswidi nao walirudi kwa mlango mwingine: kampuni ya IT+46 ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika mradi wa Kilinux, na Desemba 2004 ikatoka Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Si haba kwa nchi iliyopata kompyuta yake ya kwanza Hazina mwaka 1965, kisha mwaka 1974 ikapiga marufuku kuziingiza.

Je, wajua kuwa maneno ya kwanza kushughulikia si ya kuongeza bali ya kufuta? Kwenye mstari ule utakuta quiet na splash. Kazi yao ni kukufichia habari ili uone nembo tu. Yafute, washa, na kerneli itaanza kusimulia kila inachokigusa. Simulizi ikikatika, mara nyingi mstari wa mwisho ndio unaokuelekeza kwenye kifaa chenye matatizo. Upige picha kwa simu. Fundi asiyeutazama mstari huo anabahatisha, hata kama ana meza kubwa na vyeti ukutani.

Turudi kwa nomodeset, maana inastahili zaidi ya sentensi moja. Zamani programu ya madirisha ndiyo iliyopanga ukubwa wa picha. Tangu mwaka 2009 kerneli yenyewe imeanza kuichukua kazi hiyo, na huifanya mapema sana, mashine ikiwa bado haijafika mbali. Kadi ya picha isipoelewana na draiva yake, hasa zile za NVIDIA, skrini inazimika palepale huku mashine ikiendelea kufanya kazi gizani. Neno letu linaiambia kerneli iache, itumie saizi ile ile iliyoikuta. Picha itakuja na ukungu wake, maandishi makubwa, video zikikatakata. Wengi hufurahi wakaliacha neno humo miaka na miaka, kisha wanasema Linux ni nzito. Si nzito. Ingia, weka draiva sahihi, liondoe.

Je, wajua kuwa tochi ya simu ni kipimo cha skrini? Zima taa ya chumba, mulika skrini kwa mshazari. Ukiona maandishi kwa mbali, picha ipo. Kilichozimika ni taa ya nyuma ya kioo. Hapo nomodeset huenda isisaidie, jaribu acpi_backlight=vendor, na ikishindikana acpi_backlight=native. Kabla ya kukubali kununua kioo kipya, dai jaribio hili. Halichukui hata dakika.

Na kitufe cha Caps Lock? Mashine ikiganda, kibonyeze. Taa yake ikiwaka na kuzima kwa kukufuata, kerneli iko hai, kilichokwama ni picha. Ikikaa kimya, kerneli nayo imeganda. Ikipepesa yenyewe bila kuguswa, kerneli imekutana na jambo isiloliweza na imejisimamisha kwa makusudi.

Je, wajua kuwa acpi=off ni shoka? ACPI ni kanuni iliyotolewa Desemba 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Inaeleza jinsi programu endeshi inavyosemezana na mashine kuhusu umeme, joto, betri na usingizi. Ukiizima yote, kompyuta pengine itawaka, lakini haitajizima yenyewe, asilimia ya betri itapotea, na prosesa ya kore nne yaweza kuonekana ina moja. Kuna mafundi wanaomwaga acpi=off, noapic, nolapic na nomodeset kwa mpigo. Mashine ikiwaka, hakuna anayejua ni lipi lililosaidia, na mteja anaondoka na kompyuta yenye ulemavu aliolipia. Jaribu moja, zima, jaribu jingine.

Hilo la noapic lina historia yake. Kifaa kikitaka kusikilizwa hukibipu kichwa cha prosesa, na kompyuta za kale zilikuwa na njia 16 tu za kubipu, moja kati ya hizo ikiliwa na kuunganisha chipu mbili. APIC ikaja na njia zaidi. Lakini BIOS iliyoandikwa kizembe huzipanga njia hizo vibaya, basi kibodi, mausi au kadi ya mtandao vinapiga na hakuna anayepokea. Neno noapic linairudisha mashine kwenye utaratibu wa kale.

Je, wajua kuwa kuna prosesa zilizokuwa zinalala usingizi zisiamke? Celeron N2840 na ndugu zake wa familia ya Bay Trail, walioenea kwenye laptopi za bei nafuu kuanzia mwaka 2014, waliganda hovyo chini ya Linux: leo baada ya dakika tano, kesho baada ya saa tatu. Wengi walilaumu RAM. Chanzo kilikuwa namna prosesa inavyozama kwenye usingizi mzito ili kuokoa umeme. Dawa ikawa intel_idle.max_cstate=1, yaani isinzie kidogo tu. Betri inaisha mapema zaidi, lakini kazi haipotei. Ukiiona laptopi ya aina hiyo Maili Moja inauzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu "inaganda", usiondoke haraka.

Kwa wenye ThinkPad za miaka ya 2003 na 2004 zenye Pentium M: Linux nyingi za biti 32 huzikataa zikidai prosesa haina PAE, uwezo wa kusoma kumbukumbu kubwa. Uwezo huo upo. Prosesa haikuutangaza tu. Andika forcepae.

Kibodi au padi ya laptopi imekufa ghafla baada ya kuweka Linux? i8042.reset au i8042.nomux. Namba hiyo ni ya chipu ya Intel iliyosimamia kibodi kwenye IBM PC/AT ya mwaka 1984, na laptopi nyingi bado zinaigiza tabia zake.

Diski ya nje ya USB haionekani, mashine inalalamika haijui mfumo uko wapi? rootdelay=10, iisubiri sekunde kumi iamke. Waya wa SATA umechoka, diski inatoa makosa? libata.force=1.5G huipunguza kasi, ukapata muda wa kunakili mafaili yako kabla ya kutafuta waya mwingine.

Je, wajua kuwa umeme ukikatika mashine ikiwa katikati ya kuwaka, GRUB ya Ubuntu hukumbuka? Huweka alama kila inapoanza, na alama hufutwa mashine ikiamka salama. Ikiikuta alama bado ipo, inakuonyesha menyu sekunde 30 badala ya kupita moja kwa moja. Kuna kipindi, Ubuntu 12.04 ikiwamo, ambapo ilisubiri bila kikomo: seva iliyofungiwa stoo bila kibodi wala skrini ilikaa tu hadi mtu aje kubonyeza Enter. Unaweza kupanga muda huo kwa GRUB_RECORDFAIL_TIMEOUT kwenye faili la /etc/default/grub. Anayeendesha seva ya shule mahali ambapo umeme unakatika mara kwa mara auandike mstari huo leo.

Kwenye faili hilohilo ndimo unamoweka neno lililokufaa ili lidumu: kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, ndani ya alama za kunukuu, kisha sudo update-grub. Ukitaka kuhakikisha kerneli imelisikia, soma /proc/cmdline. Hakikisha kweli, kwa sababu ukikosea ukaandika nomodset mashine haitasimama kukugombeza, inaendelea na safari yake. Na usihofu kujaza: kwenye kompyuta za kawaida mstari huo unabeba hadi herufi 2,047.

Je, wajua kuwa mgonjwa mwingine hahitaji neno lolote? Kompyuta ya mtumba inayosema diski ilifunguliwa mara ya mwisho "wakati ujao" imepoteza saa. Betri ya CR2032 kwenye madabodi, ile ya mviringo kama sarafu, imeisha. Badilisha betri.

Je, wajua kuwa butiloda ya kwanza kuvuma kwenye Linux ilitoa taarifa kwa herufi nne? LILO ya Werner Almesberger, ya mwaka 1992, iliandika jina lake herufi moja kila ilipovuka hatua. Ikikwama kwenye LI, fundi alijua sehemu ya pili imepakiwa ila imeshindwa kuendeshwa. Ubahili huo ulikuwa na sababu: sekta ya kwanza ya diski ni baiti 512, na ukitoa jedwali la sehemu za diski na alama ya mwisho, zinabaki 446 za kuandikia programu nzima. GRUB aliianzisha Erich Boleyn mwaka 1995. LILO iliacha kuendelezwa mwishoni mwa 2015.

Desemba 2015, watafiti wawili wa Valencia, Hector Marco na Ismael Ripoll, walionyesha kuwa nywila ya GRUB inapitika kwa kubonyeza kitufe cha kufutia mara 28. Kasoro hiyo ilikuwapo tangu 2009. Hata bila kasoro, mwenye kafe ya intaneti ajue kuwa menyu isiyo na nywila inamruhusu mteja yeyote kuandika init=/bin/bash na kuimiliki mashine yote.

Je, wajua kuwa Raspberry Pi haina menyu ya GRUB? Vikompyuta hivi, ambavyo shirika la Powering Potential limeviweka pamoja na umeme wa jua katika sekondari za Tanzania kama Banjika ya Karatu, husoma maneno yao kwenye faili la cmdline.txt. Toa kadi ya kumbukumbu, ichomeke kwenye kompyuta yoyote hata ya Windows, hariri, ila kila kitu kibaki kwenye mstari mmoja. Taa ya kijani ikikonyeza mara saba, kerneli haijaonekana kwenye kadi. Runinga imechelewa kuwashwa na picha haiji? Kwa zile za zamani, hdmi_force_hotplug=1 kwenye config.txt.

Na je, wajua kuwa Linux husema uongo kila asubuhi? BIOS nyingi zimeandikwa kwa kufikiria Windows peke yake, na wakati wa kuwaka huuliza: wewe ni Windows? Linux hujibu ndiyo, maana ikijibu hapana hunyimwa vifaa au hupewa njia mbovu ambazo hakuna aliyezijaribu. Ukiandika acpi_osi=! unaiambia iache kujibu ndiyo, na zipo laptopi ambazo padi au feni zake hufanya kazi hivyo tu. BIOS ikiuliza: wewe ni Linux? Tangu mwaka 2007, jibu la kawaida ni hapana.