Bahari Juu ya Ufipa (2): Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Katika toleo lililopita niliishia mwaloni Kasanga, nikieleza jinsi samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanavyopandishwa hadi Sumbawanga wakiwa ndani ya mifuko ya nailoni iliyojazwa hewa. Tangu siku hiyo wasomaji kadhaa wamenisimamisha njiani na swali moja: mtu aliyekwisha kuwamudu samaki wa ziwani ndani ya tangi la kioo, amebakiza safari ndefu kiasi gani hadi afuge matumbawe ya baharini? Leo naanza kulijibu. Nitakwenda polepole, kwa sababu katika jambo hili haraka huua viumbe, na viumbe hao hawakuomba kuletwa huku milimani.

Kufananisha ziwa letu na bahari si jambo jipya. Mwaka 1858 John Hanning Speke aliokota makombe kwenye fukwe za Tanganyika, na yalipochunguzwa London yakaonekana kushabihiana mno na makombe ya konokono wa baharini. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm akamkuta ziwani konyeza, yule kiumbe laini mfano wa uji wa wanga ulioganda, anayeelea akijikunjua na kujikunja. Konyeza wa Tanganyika ni mdogo, hapiti sana ukubwa wa sarafu, lakini habari zake zilizua mjadala mkubwa. Mwingereza J. E. S. Moore alikuja mara mbili kabla ya mwaka 1900, na mwaka 1903 akatoa kitabu kizima akidai kwamba ziwa hili ni mabaki ya bahari ya kale iliyonaswa ndani ya bara. Mwenzake, W. A. Cunnington, alikuja mwaka 1904 na 1905, akakusanya viumbe wengi zaidi, na ushahidi wake ukaiangusha hoja ya Moore. Leo tunajua kwamba Tanganyika haikuwa bahari kamwe. Konokono wake ni uzao wa konokono wa maji baridi, waliokaa muda mrefu mno ndani ya ziwa kubwa, lenye kina na lililotulia, mpaka makombe yao yakawa mazito na yenye miiba kama ya jamaa zao wa pwani.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kosa la Moore ndilo mfugaji wa Tanganyika anaweza kulirudia bila kujua. Amezoea maji yenye pH ya karibu 9, yenye madini mengi, yasiyobadilika joto ovyo. Amezoea mawe yaliyopangwa hadi juu, na samaki wenye rangi wanaogombea mapango. Akiona picha ya mwamba wa matumbawe husema, “Hii naijua.” Na kweli anaijua kidogo kuwazidi wengine. Mtu aliyezoea kambare na perege wa bwawani hana nidhamu ya kupima maji kila wiki, ila mfugaji wa siklidi wa Tanganyika anayo. Lakini lita moja ya maji ya Tanganyika ina chumvichumvi zipatazo gramu 0.6 tu. Lita moja ya bahari ina gramu 35, karibu mara 60.

Tofauti hiyo inaanzia ndani ya mwili wa samaki. Damu ya samaki wa ziwani ina chumvi kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji humwingia mchana na usiku kupitia matamvua, naye hana budi kukojoa mno ili asivimbe. Samaki wa baharini mambo yake ni kinyume. Damu yake ina takriban theluthi moja ya chumvi ya bahari, kwa hiyo maji humtoka, naye hulazimika kunywa bahari na kuitoa chumvi ya ziada kwa matamvua yaleyale. Tumbawe halina hata ulinzi huo. Chumvi ya mwili wake hufuata chumvi ya maji. Maji yakipanda, nalo limepanda, na yakishuka, limeshuka. Ndiyo maana nasema kazi ya mwaka wa kwanza ni kufuga maji, na wanyama ni wageni watakaokuja baadaye.

Sasa chumvi yenyewe. Mama mmoja jirani yangu, muuza dagaa sokoni, alinikuta barazani nikipima chumvi ya unga kutoka kwenye ndoo iliyotoka ng’ambo.

“Shikamoo mwalimu. Chumvi yote hiyo umeiagiza mbali ya nini, na ya Ivuna si ipo?”

“Marahaba, mama. Ya Ivuna ni ya mboga. Hii ni ya kutengenezea bahari.”

“Kwani chumvi si chumvi tu?”

Swali lake ni la haki, na Ivuna inastahili heshima. Pale kusini mwa bonde la Rukwa, mkoani Songwe kwa sasa, watu walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi na kutoa chumvi tangu karne ya 13, kama wachimbaji wa mambo ya kale walivyothibitisha walipofukua vilima vyake mwaka 1966. Lakini chumvi ya jikoni, popote itokapo, karibu yote ni sodiamu na kloridi. Bahari ina zaidi ya hapo. Katika zile gramu 35, kloridi ni takriban 19 na sodiamu karibu 11, halafu salfati 2.7, magnesiamu 1.3, na kalsiamu na potasiamu gramu 0.4 kila moja. Hiyo 0.4 ya kalsiamu mtu huiona ndogo, kumbe ndiyo saruji ya matumbawe. Tumbawe huichota ndani ya maji, likaiunganisha na kaboneti, likajijengea mfupa wa chokaa. Ukitia chumvi ya mezani, hata ukifikisha gramu 35, umelipa tumbawe kiwanja bila tofali.

Jambo linalonistaajabisha hadi leo ni kwamba uwiano huo ni uleule bahari zote. Meli ya Challenger ilizunguka dunia kati ya 1872 na 1876, na William Dittmar akazipima sampuli 77 za maji iliyoyateka sehemu mbalimbali, matokeo yakatoka mwaka 1884. Bahari moja inaweza kuwa kali kidogo kuliko nyingine, lakini ukilinganisha madini kwa madini, mgao haubadiliki. Kwa hiyo anayetengeneza bahari Sumbawanga hahitaji kuiga Mafia au Tanga. Anahitaji kuutunza mgao huo mmoja.

Wengine wamenishauri nilete maji ya bahari yenyewe. Tangi langu ni la lita 200. Hayo ni madumu kumi ya lita 20, kilo 205, juu ya basi, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam. Inawezekana, lakini vijidudu visivyoonekana vilivyomo ndani ya maji hufa gizani ndani ya dumu lililofungwa, vikaoza, na ukafungua dumu lenye harufu. Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi aliyekuwa akiishi Westminster, London, alileta matumbawe hai ndani ya gudulia kutoka Torquay. Aliligundua tatizo hilo mapema. Kila siku mtumishi wake aliyamimina maji kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha lililo wazi, kwa nusu saa au zaidi, ili yapate hewa, na matumbawe yake yakaishi miaka mitatu. Sisi tuna pampu, ila kazi ni ileile ya mtumishi yule.

Na hapa Ufipa hewa ni suala zito kuliko pwani. Kila mpishi wa mji huu anajua kwamba maharage yetu huchelewa kuiva, kwa sababu katika mwinuko wa mita 1,800 maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Hewa ni nyepesi, mgandamizo wake ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani. Wepesi huohuo huyanyima maji oksijeni. Maji ya chumvi nayo kwa asili hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Ukiyaweka pamoja, lita moja ya bahari yenye joto la nyuzi 25 ambayo pwani ingebeba miligramu 6.7 za oksijeni, hapa hubeba kama 5.4. Samaki wa mwambani hawezi kujua kwamba amehamishiwa mlimani. Anajua tu kwamba anahema. Kwa hiyo usiwaweke wengi, elekeza pampu mbili juu ili uso wa maji uchafuke daima, na uwe na pampu ya hewa ya betri kwa usiku umeme unapokatika.

Usiku huohuo kuna baridi. Pwani watu wanahofia joto, na wana sababu. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kawaida, matumbawe ya Afrika Mashariki yalipauka na mengi yakafa. Sisi Juni na Julai tuna baridi ya kuvaa koti ndani ya nyumba. Nilifunga hita mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili moja ikiharibika nyingine ishike, na tangi nikalizungushia mablanketi pande tatu. Joto la nyuzi 25 lisiposhuka chini ya 24 usiku kucha, nashukuru.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mfugaji wa maji baridi hulisahau kuliko yote: maji hupungua kwa kuwa mvuke, chumvi haiondoki. Asiyeamini apande hadi ukingo wa Lyamba lya Mfipa siku isiyo na ukungu, atazame chini. Ziwa Rukwa linapokea mito na halina mto hata mmoja wa kutokea. Maji hupanda angani, madini hubaki, ndiyo maana maji yake ni ya magadi. Tangi la bahari ni Rukwa ndogo sebuleni. Kiangazi, katika ukavu wa upepo wetu, lita 200 zangu hupungua lita tatu kwa siku. Nikiacha siku kumi zinakuwa 170, na zile kilo saba za chumvi nilizoziyeyusha zimefika gramu 41 kwa lita. Mwanzoni niliwahi kujaliza kwa maji ya chumvi, kwa mazoea ya tangi la zamani ambako unarudisha maji ya aina ileile. Kila ndoo ilizidisha ukali. Kinachorudishwa ni maji matupu, kila siku, kidogo kidogo, na haidromita isomwe baada ya hapo: 1.026 kwa nyuzi 25.

Maji matupu kwa maana ya matupu kweli. Mvua yetu ya Novemba hadi Aprili ni safi, lakini isipitie kwenye bati, maana bati hutoa zinki, na zinki na shaba ni sumu kwa konokono na matumbawe hata ikiwa kidogo sana. Subiri mvua kubwa ya kwanza ioshe vumbi la angani, kisha kinga kwenye ndoo za plastiki katikati ya uwanja. Na zile dawa za shaba za kutibu vidonda vya samaki wa ziwani zibaki huko huko kwenye tangi la zamani.

Kuhusu mawe nitasema machache. Using’oe tumbawe hai. Matumbawe magumu yamo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hapa nyumbani tuna sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994. Pwani kuna mawe ya ujenzi yanayochimbwa nchi kavu, matumbawe ya kale yaliyokufa zamani sana, yaleyale ya aina iliyojenga misikiti ya Kilwa. Ni mepesi, yana matundu mengi, na ndani ya matundu hayo ndimo bakteria wataishi. Yaloweke, yasugue, yapange kwa nafasi maji yapite.

Kisha weka kipande cha kamba mbichi, ukubwa wa ukucha, uache kioze. Kitatoa amonia. Bakteria wa kwanza wataigeuza kuwa nitriti, wa pili wataigeuza nitriti kuwa nitrati, na mpaka wote wawili wawe wengi hakuna samaki anayepaswa kuingia. Katika maji yenye pH ya juu amonia ni kali zaidi, hilo wafugaji wa Tanganyika mnalijua. Nilidhani ningefupisha njia kwa kuhamisha sifongo la chujio la tangi langu la siklidi. Haikusaidia. Wiki ya tatu amonia ilikuwa palepale, maana bakteria waliozoea gramu 0.6 hawakustahimili 35, ikanibidi nisubiri wengine wazaliwe.

Wiki ya nne mawe yalivaa utando wa kahawia wa mwani mdogo sana. Wageni wangu walidhani tangi limeharibika. Siku ya 41 kipimo cha amonia kilibaki njano na cha nitriti kikabaki samawati, jioni na asubuhi yake. Jumamosi hiyo ndipo nilipowashusha ndani konokono watatu niliowapata kwa mfugaji wa Dar es Salaam, baada ya kuwadondoshea maji ya tangi tone kwa tone muda wa saa mbili. Hawakusogea hadi nilipozima taa. Asubuhi, juu ya jiwe la kulia, kulikuwa na njia tatu nyeupe zilizokata ule ukahawia, moja imezunguka jiwe lote na kurudi ilikoanzia.

(Itaendelea)